Vijiko Vitatu Nilivyompa Wifi

Mlioniacha wiki iliyopita nimelala hospitalini, nikimdanganya mama mkwe kwenye simu kwamba niko kwenye mafunzo ya ushonaji, najua mmekwisha kunihukumu. Hamkukosea. Ila mlihukumu mapema. Uongo ule ulikuwa mtoto mchanga. Leo nawaletea wajukuu zake.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni fundi cherehani, nashona magauni ya harusi. Nilikuwa na kilo mia moja arobaini na moja. Daktari wa upasuaji akaupunguza mfuko wangu wa chakula ukabaki kama yai, akauunganisha upya na utumbo, akanifunga nyuzi. Nilizikagua baadaye kwenye kioo. Mkono wake si mbaya, ila kwangu asingepewa hariri.

Siri hiyo tuliijua watu wawili tu nyumbani: mimi na mume wangu. Yeye ni fundi wa lifti, mtu aliyezoea kuwapandisha na kuwashusha watu bila kuwauliza wanakwenda kufanya nini. Nilipomwambia tufunge midomo, akafunga. Hakuuliza.

Siku ya kuruhusiwa nikaletewa mtaalamu wa lishe. Nilitarajia mtu mzima. Akaja binti mwenye shingo kama kalamu, kabeba faili kubwa kuliko kifua chake. Nikasema moyoni, huyu ndiye wa kunifundisha mimi kula? Mimi niliyeanza kula kabla mama yake hajavunja ungo?

"Wiki mbili za kwanza ni vinywaji tu, mama," akasema. "Zinazofuata, chakula kilichosagwa. Halafu vitu laini. Kama mwezi wa pili hivi ndipo utajaribu chakula cha kawaida, kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Akakunja ngumi, akaitazama, kisha akafunika nusu yake kwa mkono wa pili.

"Hicho nilikuwa nakionja tu kabla ya kupakua," nikamwambia.

Hakucheka. Watu wembamba hawana mzaha na chakula. "Anza na protini kila mlo. Yai, samaki, maharage, maziwa. Tafuna mpaka kilainike kabisa. Usinywe maji huku unakula, subiri nusu saa. Ukisikia umeshiba, acha hapo hapo, hata kama kijiko kiko njiani. Na vidonge hivi vya vitamini ni kila siku."

"Mpaka lini?"

"Maisha yako yote, mama."

Nikaikunja karatasi yake nikaitia kwenye pochi, pamoja na sampuli za vifungo. Nikajua sitaisoma.

Mwezi wa kwanza nilitii, si kwa hekima bali kwa sababu sikuwa na la kufanya. Mfuko mpya wa chakula hauna adabu ya kusubiri. Ukizidisha funda moja la supu, unalirudisha mbele ya mgeni. Mwezi wa pili nikaona nimeshapona, nikaanza ujuaji.

Bibi harusi mmoja alikuja kuchukua gauni lake na keki ya shukrani, pamoja na chupa ya sharubati. Nikala vipande viwili vya keki, nikateremshia na glasi nzima. Nikajiambia, binti wa faili haoni.

Dakika kumi baadaye moyo ulikuwa unakimbia kama cherehani lililoachiliwa. Jasho likanitoka mpaka kwenye viganja, tumbo likasokota, nikaukimbilia mlango wa choo na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Nilikaa humo ndani kwa muda ambao bibi harusi angeweza kufunga ndoa na kuachika.

"Fundi, uko salama?" akauliza nje ya mlango.

"Natafuta uzi."

"Chooni?"

Kuna maswali ambayo mtu mwenye heshima hayajibu.

Hilo halikunifunza. Vidonge vilinikera kooni, nikaviacha. Mayai yalianza kuninukia, nikayaacha. Nikawa naishi kwa chai na biskuti mbili, nikifurahia mizani inavyoshuka. Mwezi wa tatu nilipochana nywele, kitana kikatoka na fungu la kutosha kujaza mto wa pini.

Nikampigia binti wa faili nikiwa nimejaa hasira. "Upasuaji wenu unaninyonyoa."

"Vidonge unakunywa, mama?"

"Vinakwama."

"Mayai? Samaki? Ule unga wa protini wa kuchanganya kwenye maziwa?"

Nikaisogeza pembeni sahani ya biskuti.

"Basi si upasuaji peke yake. Mwili ukinyimwa, unachagua wa kumfukuza kwanza. Umeanza na nywele. Usisubiri ufike kwenye moyo."

Niliikata simu bila kuaga, nikaitoa karatasi kwenye pochi, nikaisoma yote. Tangu siku hiyo nikawa mtumwa wake. Milo sita midogo, protini kwanza, maji kwa saa yake, vidonge vinne. Nikifunga kilemba kuficha upara, nikila samaki wangu nyuma ya pazia la kujaribia nguo kama mwizi. Lakini nilikula.

Nawaeleza haya yote ili mjue jambo moja. Wifi yangu alipokuja, mimi nilikuwa naijua njia. Nilizijua mbigili zake zote, nimezikanyaga mwenyewe. Msije mkasema nilimpoteza kwa kutojua.

Wifi huyu ni mdogo wa mume wangu, binti wa mwisho kwa mama mkwe. Kazi yake ni kupokea simu za wateja wenye hasira, masikio yamefungwa mashine kutwa nzima. Kwa kuwa kazini hawezi kumjibu mtu, akifika nyumbani anatujibu sisi. Siku ya harusi yangu, miaka tisa iliyopita, aliniona nikiteremka kwenye gari akauliza kwa sauti ya ukumbi mzima, "Hii kontena inashushwa na watu wangapi?"

Watu walicheka. Mume wangu alikohoa. Mimi nikabaki Kontena, mpaka watoto wa majirani wakadhani ndilo jina langu.

Na yeye mwenyewe hakuwa sindano. Alikuwa mnene wa kutosha, ila mdomo wake ulikuwa unatangulia mwili, watu hawaoni kinachofuata.

Akaja dukani amechumbiwa. Harusi wiki sita mbele. Akanizunguka mara mbili kama anakagua gari.

"Wifi, umepungua mpaka unatisha. Umefanyaje?"

Huo ndio ulikuwa mlango wangu wa kutokea. Maneno mawili tu: nilipasuliwa. Nikayatafuna, nikayameza.

"Nidhamu," nikasema.

"Nidhamu gani? Nami nataka. Nishonee gauni la kiuno hiki." Akashika kiuno cha sanamu la nguo lililokuwa dirishani, ambalo hata mtaalamu wa lishe asingeenea. "Mwenzangu, nitajikaza. Niambie siri."

Nikautazama ule mdomo ulioniita kontena miaka tisa iliyopita. Nikasema, "Vijiko vitatu."

"Vijiko vitatu vya nini?"

"Vya chochote. Asubuhi vitatu, mchana vitatu, jioni vitatu. Basi. Ukisikia njaa, kunywa maji ya ndimu ulale."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Lakini huwezi. Wewe una mdomo, huna moyo."

Ndugu msomaji, nilitarajia ashindwe siku ya pili. Nilitaka aje analia, gauni halimfungi, nami nichukue mkasi na kumwambia taratibu, "Kontena nalo lilikuwa linajitahidi, wifi." Nilikuwa nimeiandaa sentensi hiyo kwa miaka. Kosa langu lilikuwa moja: nilimdharau. Niliwahi kumdharau kwa mengi na nikapatia, ila kwa hili nilikosea. Alikuwa na moyo.

Wiki ya pili mama mkwe akatuita chakula cha mchana. Meza ilijaa wali, kuku wa kuokwa, maharage, matunda. Wifi akaketi ubavuni kwangu, akajipakulia vijiko vitatu vya wali mweupe, akaweka kijiko chini kama askari anayesalimisha silaha.

"Mama, mtazame wifi," akasema. "Kila akilacho nakila. Wifi, waonyeshe."

Watu wote wakageuka. Nikawa mchezo wa sarakasi. Nyumbani nilikuwa nimekula samaki na maharage saa moja kabla ya kuja, lakini hilo wangelijuaje? Nikachukua kipande cha kuku kwa aibu, nikakitafuna haraka haraka ili wanitazame kidogo. Kikakwama.

Aliyewahi kukwamwa na chakula baada ya upasuaji huu haelezwi. Asiyewahi haelewi. Kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni mazito kama gundi, na huwezi kunywa maji maana hayana pa kupita. Nikainuka nikitabasamu, nikaenda bafuni kukirudisha.

Nilipofungua mlango, mume wangu alikuwa amesimama nje na taulo.

"Waambie," akasema kwa sauti ya chini.

"Niwaambie nini?"

"Yule mtoto anakufuata wewe. Hana tumbo lako. Lake ni zima, linadai."

"Mbona huwaambii wewe?"

Akanitazama. "Ulinikataza."

"Basi endelea kukatazika."

Akaniachia taulo akaondoka. Ndiye mwanamume niliyeolewa naye: ukimwambia kaa, anakaa, nyumba ikiungua, atauliza kama ile kaa bado inaendelea. Nilimcheka moyoni. Leo najiuliza nilikuwa namcheka nani.

Nikarudi mezani. Mama mkwe akasema, "Wanangu, chakula kidogo hivyo mnapata wapi nguvu?"

Wifi akajibu kwa niaba yangu. "Nguvu iko kichwani, mama. Sisi tumeamua."

Sisi. Neno hilo lilinigusa mahali, nikalifukuza kama nzi.

Gauni nikalipunguza mara ya kwanza, nikalipunguza mara ya pili. Wiki ya tatu nilipomshika mkono kuupima, ulikuwa wa baridi saa saba mchana. Wiki ya nne nilikuta nywele zake kwenye pini zangu, nyuzi ndefu nyeusi, nikazifagia kabla hajaziona. Akiinama kufunga viatu anashika meza kwanza. Akisimama anafumba macho, anasubiri chumba kiache kuzunguka.

"Nasikia kama nina pamba masikioni," aliniambia siku moja. "Na wewe ilikuwa hivyo?"

"Inapita," nikasema, huku midomo imebana pini nne.

Zile nywele nilizijua. Nilijua mwili wake umeanza kuchagua wa kumfukuza. Binti wa faili alikuwa amenieleza kwa mdomo wake, mimi nikaokoka kwa maneno hayo hayo, nikashindwa kumpa mwenzangu. Tena nitakiri la aibu zaidi: kila nilipolibana gauni lile nilisikia raha. Si raha ya kumtakia kifo, hapana. Raha ndogo, chafu, ya kumwona mtu akitaabika na yeye hajui kwa nini, nawe unajua.

"Unapendeza," nikamwambia. "Kaza uzi."

Naye akakaza.

Siku tisa kabla ya harusi akaja mapumziko ya mchana kujaribu gauni kwa mara ya mwisho. Mama mkwe alikuwepo, kakaa kwenye kochi la wateja, pochi mapajani. Wifi akatoka nyuma ya pazia. Gauni lilimkaa kama lilimwagwa juu yake. Kwa kweli alifanana na lile sanamu la dirishani, hata rangi.

"Geuka," nikasema.

Akageuka nusu. Mkono ukatafuta meza, ukaikosa. Akaanguka ubavu, kichwa kikapiga mguu wa cherehani.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alipiga magoti, akampigapiga shavu, akaniambia, "Kata hilo gauni apumue." Nikachukua mkasi nikalikata kuanzia kifuani hadi kiunoni, mishono yangu yote ya wiki tano, nayo ikaachia kwa sauti moja.

Hospitali ya karibu walimlaza, wakamtundikia dripu mbili. Daktari wa zamu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Akasoma vipimo, akavua miwani.

"Madini ya mwili yameshuka vibaya. Mapigo ya moyo hayana mpangilio. Huyu amekuwa anaharisha? Anatapika?"

"Hapana," akasema mama mkwe.

"Amekula nini wiki hizi?"

Mama mkwe akanigeukia bila ubaya wowote, kwa imani kabisa. "Muulize huyu wifi yake. Ndiye mwalimu wake."

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Ulikwisha kushona uongo mwingine, umebaki kukata uzi tu: ni msongo wa harusi, daktari, wasichana wa siku hizi hawali. Ungeingia vizuri tu. Mama mkwe angeuamini, na wifi alikuwa amefumba macho.

Nikautazama mkono wake kitandani. Pete ya uchumba ilikuwa imefungwa uzi kwa ndani ili isidondoke. Uzi wangu, mweupe, namba arobaini. Aliuomba dukani wiki iliyopita nikampa bila kuuliza wa nini.

"Mimi nilipasuliwa," nikasema.

"Unasemaje?" akauliza mama mkwe.

"Miezi ile sikuwa kwenye mafunzo, mama. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Sikupungua kwa nidhamu."

Daktari hakushtuka. Alichukua kalamu. "Na wewe unakula vijiko vitatu?"

"Vinazidi. Tena mara sita kwa siku. Protini kwanza. Na unga wa protini kwenye maziwa, na vidonge vinne."

"Yeye ulimwambia hayo?"

"Nilimwambia vijiko vitatu na maji ya ndimu."

"Kwa nini?"

Miaka tisa nilikuwa nimebeba jibu lile nikilidhani mlima. "Aliniita Kontena," nikasema. "Siku ya harusi yangu."

Nilipolisikia kwa masikio yangu, ndani ya chumba kile chenye harufu ya dawa, ndipo nikajua ukubwa wake. Lingeenea kwenye kikofia cha kidole cha fundi, na nafasi ingebaki.

Mama mkwe alichukua pochi yake kwenye kiti kilichokuwa kati yetu, akahamia kiti cha upande wa pili wa kitanda. Ningependa angenizaba kofi. Kofi lina mwisho.

Wifi akafumbua macho. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Nikajiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimeyastahili, na yeye hakuwahi kuninyima.

"Simu yangu," akasema. Midomo ilikuwa mikavu, imepasuka pembeni.

"Pumzika kwanza," akasema daktari.

"Simu yangu iko wapi?" Akanitazama mimi, si mama yake. "Wifi. Na wenzangu kazini wanafanya."

"Wanafanya nini?"

"Vijiko vitatu. Niliwafundisha. Waliniona ninavyopungua wakaniuliza siri. Tuko kumi na mmoja. Tunaandikiana kila siku nani amevunja, nani hajavunja."

Daktari akaacha kuandika. "Kuna mwenye ugonjwa wowote kati yao?"

Wifi akafumba macho, akayafumbua. "Msimamizi wetu ana kisukari. Anajichoma sindano kila asubuhi."

"Insulini?"

"Ndiyo. Yeye ndiye anayetushinda wote. Jana usiku ametuandikia kwamba ameshuka mpaka vijiko viwili." Akameza mate kwa shida. "Leo asubuhi hakuja kazini. Tulimcheka. Tulisema amezidiwa na njaa amelala."

"Mpigie," daktari akaniambia mimi. Hakupandisha sauti, lakini alikuwa amekwisha kusimama. "Mpigie sasa hivi. Insulini bila chakula inaangusha sukari mpaka mtu azimie."

Nikaitoa simu ya wifi kwenye mfuko wa nguo zake, akanitajia jina la kutafuta. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga mara ya tatu.

Ikapokelewa.

"Halo," nikasema. "Halo, dada. Naongea na nani?"

Hapakuwa na jibu. Kulikuwa na pumzi, nzito, ya mbali na simu, kama mtu aliyelala kifudifudi sakafuni. Nyuma yake maji ya bomba yalikuwa yakimwagika bila mtu wa kuyafunga.

Daktari akaninyang'anya simu, akasikiliza, akamgeukia wifi. "Anaishi wapi huyu? Nitume gari."

Wifi akajaribu kuinuka, mama yake akamshika mabega. Akamtazama daktari, kisha mama yake, kisha mimi.

"Alihama mwezi uliopita," akasema. "Hakuna anayepajua."

Kwenye simu, pumzi zilikuwa zimeanza kuachana, moja ikichelewa kuifuata nyingine.